Mume wangu anataka Prado, mimi nimeshaomba profoma ya X-Trail

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, ni mhasibu hapa Dar es Salaam. Mume wangu ameajiriwa serikalini. Tunaishi Goba, kule ndani, ambako ukishaacha lami unapanda mlima wa mawe na makorongo mpaka getini. Tuna kigari kidogo ambacho kimetulea vizuri, lakini watoto wamekua, wa kwanza yuko kidato cha pili, na tangu mwaka juzi mama mkwe anakaa nasi miezi mingi kwa sababu ya magoti yake, anahudhuria kliniki. Ukijumlisha na dada wa kazi, tuko watu saba. Masika kigari kinakwaruza tumbo kila siku. Sote tumekubaliana kwamba sasa tununue gari la juu.

Tumekusanya milioni 42. Kati ya hizo, 27 zimetoka kwenye kikoba changu na akiba yangu ya kazini, na 15 ni za mume wangu alipouza kiwanja. Zote ziko kwenye akaunti yenye jina langu, kwa makubaliano, kwa sababu mimi ndiye mtunzaji.

Shida ilianza tulipokaa kuchagua. Mume wangu anataka Toyota Land Cruiser Prado. Ameliona yadi, la mwaka 2012, injini ya petroli ya cc 2,700, viti saba, wanataka milioni 82. Anasema atakopa milioni 40 benki kwa mshahara wake, alipe miaka minne. Mimi nataka Nissan X-Trail la 2017, cc 2,000, nalo viti saba, nikiagiza Japani. Kwa hesabu zangu litafika mlangoni kwa milioni 41, bila mkopo wa mtu yeyote.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anayejua magari, anatucheka wote wawili. Anasema Subaru Forester ndiyo gari, ina nguvu, iko juu, na inashika barabara. Mwenzangu ofisini naye anasema tuachane na magari yaliyotumika, twende kwa wakala tuchukue jipya kabisa, sifuri kilomita, lenye dhamana, hata kama ni dogo. Kila anayefungua mdomo ana gari lake.

Kwa kuwa ni mhasibu, nilitengeneza jedwali. Bei, mwaka, cc, ulaji wa mafuta, viti, bei ya matairi. Kwenye tangazo X-Trail limeandikwa kilomita 16 kwa lita, Prado halifiki hata kumi. Kila mstari X-Trail linashinda. Nilimwonyesha mume wangu, akaliangalia, akasema, "Jedwali lako halijawahi kupanda kwetu masika." Akatoka nje. Hatujalizungumza tena kwa utulivu tangu siku ile.

Kwao ni Lushoto, si mjini, ni mbele, juu, mahali ambapo lami imeshakuacha. Tunakwenda sikukuu na misibani, basi. Kaka zake wawili wana magari makubwa, na tukikutana kijijini letu ndilo dogo pale uwanjani. Kwa hiyo mimi naona ni sifa tu. Nitaje pia kwamba mwaka 2021 baba mkwe alipozidiwa tulikwenda kumchukua usiku wa mvua, tukanasa kwenye tope kabla ya kufikia barabara kubwa, vijana wa kijiji wakatusukuma hadi karibu na alfajiri. Alifika hospitali, akafariki baada ya siku mbili. Lakini lile lilikuwa jambo la mara moja, na daktari alisema hata tungewahi hali ilikuwa imeshakuwa mbaya.

Sasa mama, profoma ya X-Trail, yaani hati ya bei kutoka kwa muuzaji, nimeshaletewa na inaisha Ijumaa. Fedha ziko mkononi mwangu. Ninawaza kulipa tu. Gari likifika na akiliendesha, naamini atalizoea na moyo utatulia. Lakini usingizi siupati. Nifanyeje? Na kati ya magari haya, lipi hasa ndilo?

Mama wa Watatu, Goba

JIBU

Marahaba mwanangu,

Pole kwa usiku unaokesha, na hongera kwa akiba. Milioni 42 kwa kikoba na kiwanja si fedha ya kuokota, na naona wazi kwamba hofu yako kubwa ni kuziona zikiyeyuka kwenye chuma.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama palepale: ule usiku wa 2021. Umesimulia mlima wa Goba kwa urefu, umesimulia jedwali kwa urefu, kisha usiku ambao mumeo alikaa kwenye tope na baba yake mgonjwa kiti cha nyuma umeupitia harakaharaka, ukaumalizia kwa maneno ya daktari. Sikulaumu. Kwako wewe daktari alishalifunga jambo lile. Ninajiuliza tu kama kwake limefungwa. Anaposema jedwali lako halijapanda kwao masika, inawezekana anazungumzia uwanja wa sikukuu na magari ya kaka zake. Inawezekana pia anazungumzia usiku ule, na hana namna nyingine ya kuutaja isipokuwa kutaja gari. Mimi siwezi kujua kutoka huku niliko. Wewe unaweza kumuuliza, na nadhani bado hujamuuliza.

Nimeanza na hili kwa sababu linagusa hata hesabu. Jedwali lako limepanga magari yakishindana yenyewe kwa yenyewe, lakini halina mstari unaosema gari hili linakwenda wapi, limebeba nani, na safari ipi kati ya hizo haliruhusiwi kushindwa. Nikikusoma, safari yako ni Goba kwenda mjini, foleni, shule, kliniki ya mama mkwe, siku tano au sita kwa wiki. Safari ya mumeo ni moja, pengine mara chache kwa mwaka, usiku, mvua inanyesha, na kuna mtu mgonjwa. Mnaita zote "gari la juu" na mnadhani mnabishania kitu kimoja. Ongeza mstari huo kwenye jedwali, kila mmoja aandike safari yake kwa mkono wake, halafu muyaangalie magari upya.

Tuyaangalie basi, maana nawe umeniuliza.

Hayo mnayoyaita kwa jina moja ni magari ya aina mbili. Prado limejengwa juu ya chesisi kama lori dogo, lina gia nzito ya kutambaa kwenye tope na miinuko mikali, na mfumo unaoruhusu tairi za mbele na za nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti unaweza kuufunga ili zote zivute kwa pamoja. X-Trail, Forester, RAV4 na wenzao yamejengwa kama gari dogo lililoinuliwa, bodi na sakafu ni kitu kimoja. Ni mepesi, hayasumbui foleni, hayatikisi abiria, lakini gia ya kutambaa hayana. Kwa hiyo mumeo hakosei akisema kuna tope ambalo Prado litatoka na X-Trail litabaki.

Ila nina swali moja kwako ambalo pengine hujamuuliza muuzaji: hilo X-Trail la profoma ni la tairi mbili au nne, yaani injini inavuta tairi mbili tu au zote nne? Kizazi hiki kilichoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2013 kimetengenezwa kwa namna zote mbili, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Lenye tairi nne lina kitufe cha duara karibu na gia chenye maneno 2WD, AUTO na LOCK. Kama picha ya ndani haionyeshi kitufe hicho, unanunua gari la tairi mbili za mbele lililovaa nguo ya safari, na hapo mumeo atakuwa na haki ya kukasirika. Kwenye mlima wa Goba pengine lingetosha. Kule kwao masika, sithubutu kukuambia hivyo.

Halafu urefu kutoka ardhini. Watu wengi huutazama gari lilivyosimama wakakadiria kwa jicho. Kwa vipimo vya viwandani, Prado la umbo hilo na Forester la 2013 hadi 2018 yote yana milimita 220 chini ya tumbo, na X-Trail lina kama 205. Tofauti ya X-Trail na Prado ni upana wa kidole kimoja. Prado linashinda kwa mambo mengine, tairi zake hushuka zaidi kwenye shimo bila kuning'inia na pua yake hupanda ukingo mkali, lakini kama hoja nyumbani ni kwamba X-Trail "liko chini sana", mpime kwa rula.

Na matairi. Kama kuna jambo moja ambalo watu wa nyumbani hulisahau wanapobishania aina ya gari, ni hili. Magari yanayotoka Japani huja na matairi laini ya lami, na mengine huja na matairi ya theluji ambayo kwenye joto la Dar huisha upesi. Prado lenye matairi ya lami yaliyokwisha linaweza kunasa kwenye tope la mfinyanzi ambalo X-Trail la tairi nne lenye matairi mapya ya kashata, yale yenye meno makubwa, litapita. Tazama pia tarehe ya tairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Kwa kuwa uliweka bei ya matairi kwenye jedwali, hakikisha ulitafuta saizi sahihi: X-Trail hilo kwa kawaida ni 225/65 ya rimu 17, Prado ni 265/65 ya rimu 17. Utofauti wa bei ya tairi moja utauona mwenyewe dukani, kisha uzidishe kwa nne, au kwa tano ukihesabu la akiba.

Sasa kuna jambo nadhani mumeo angependa kulijua kabla ya kusaini mkopo. Watu huamini gari kubwa lina nguvu mlimani. Prado la petroli cc 2,700 la mwaka huo lina nguvu farasi 163, na uzito wake ni zaidi ya tani mbili kabla hamjapanda. X-Trail lina 147, lakini uzito ni kama tani moja na nusu na kidogo. Gawa mwenyewe. Mkipanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto mkiwa saba na mizigo, Prado hilo litanguruma na kukokota. Watu wanaosifu Prado mlimani mara nyingi wanazungumzia la dizeli, na kwa yale yanayotoka Japani katika umbo hili dizeli ya cc 2,800 ilianza 2015. Hilo ni gari jingine kwa bei nyingine.

Nisiliache X-Trail lako bila kuguswa. Giaboksi yake ni ya CVT, haina gia za kubadilishana kama za zamani, inateleza kwa mkanda wa chuma. Mjini ni laini na inabana mafuta. Haipendi kupata joto. Mzigo mzito, jua la mchana, mlima mrefu, na dereva aliyekanyaga hadi chini, mfumo unaweza kujipunguzia nguvu ili usiungue, na hapo utajikuta unatambaa nyuma ya malori. Inataka oili yake maalumu, Nissan wanaiita NS-3, na inataka kubadilishwa hata kama fundi wa mtaani atakuambia hiyo ni ya maisha. Gari la 2017 ambalo hakuna anayejua kama oili ya giaboksi iliwahi kubadilishwa ni gari ambalo unapaswa kulitengea fedha za oili hiyo mwezi wa kwanza. Forester la shemeji yako nalo ni CVT katika matoleo mengi ya cc 2,000. Ukitaka gari la daraja hilo lenye gia za kawaida, Mazda CX-5 linazo sita, ila halina kiti cha sita.

Na hapo kwenye viti, mwanangu, niruhusu nikuulize: mara ngapi mnapanda wote saba kwa pamoja? Kama ni kila Jumapili, sawa. Kama ni safari ya sikukuu tu, fikiria mizigo itakaa wapi. X-Trail ukishasimamisha viti vya mstari wa tatu, nyuma hapabaki nafasi ya maana, na viti vyenyewe ni vya watoto. Yule wa kidato cha pili magoti yatamfika kidevuni. Prado nalo mstari wa tatu hula buti, ingawa si kwa kiasi hicho. Mnaporudi kutoka Lushoto na gunia la viazi na karoti, viti saba hugeuka vitano kwa lazima, au mzigo unapanda kwenye keria juu ya paa, na gari refu lenye mzigo paani huyumba kwenye kona. Forester ni viti vitano tu, kwa hiyo shemeji yako anasifu gari zuri ambalo haliwatoshi, isipokuwa mkiamua dada wa kazi na mtoto mmoja wasafiri kwa basi. Familia nyingi hufanya hivyo na hakuna aibu.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza, naye ni mama mkwe. Magoti yake yatapanda gari hili kila siku ya kliniki. Prado ni refu kupandia, anahitaji ngazi ya pembeni na mshikio, na mtu wa kumsukuma kwa adabu. X-Trail kiti chake kiko karibu na usawa wa nyonga ya mtu mzima, unaketi kisha unaingiza miguu. Mpelekeni yadi. Mkalisheni kwenye yote mawili, apande na kushuka mwenyewe, mmtazame uso. Kipimo hicho hakimo kwenye jedwali la mtu yeyote.

Tuje kwenye fedha, ambako najua moyo wako upo.

Umesema X-Trail linakula lita moja kwa kilomita 16. Hiyo ni namba ya maabara ya Japani, ya kipimo walichokiita JC08, na Wajapani wenyewe kuanzia karibu 2018 walihamia kipimo kigumu zaidi kwa sababu ile ya zamani ilikuwa ikiyapendelea magari. Kwa foleni ya Dar na kiyoyozi, jiandae kwa 9 hadi 11. Prado la petroli, 6 hadi 8. Tuseme mnaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi, moja linatoa 10 na jingine 7. Ni lita 100 dhidi ya lita 143. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe rahisi, tofauti ni kama shilingi 130,000 kwa mwezi. Inauma, lakini naona umekuwa ukigombana na mumeo kwa sababu ya mafuta, na mafuta siyo pigo kubwa hapa.

Pigo ni mkopo. Milioni 40 kwa miaka minne, tuchukue mfano wa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayopungua kadiri mnavyolipa, rejesho ni karibu milioni 1.15 kila mwezi, na mwisho mtakuwa mmelipa zaidi ya milioni 55. Benki yenu inaweza kuwa na riba tofauti, waombeni jedwali la marejesho kabla ya kusaini chochote. Swali la kumuuliza mumeo ni kwa miezi 48 fedha hiyo itatoka kwenye nini: ada, ujenzi, au chakula. Akijibu kwa hesabu inayosimama, basi mkopo ni uamuzi wa watu wazima wawili. Asipoweza kujibu, mtakuwa mmelijua hilo mapema.

Kwa haki, niseme pia ambalo halimo kwenye jedwali lako na linamsaidia yeye. Prado halishuki thamani upesi hapa kwetu. Ukiliuza baada ya miaka mitano, wanunuzi watapanga foleni. X-Trail hushuka zaidi. Fedha iliyokaa ndani ya Prado haijapotea yote, sehemu kubwa imelala.

Na hesabu yako ya milioni 41 kati ya 42, mhasibu wangu, imebana mno. Profoma ni ya dola. Shilingi ikiyumba kabla hujalipa, milioni moja yako imeondoka. Pitia kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA, uingize mwaka na modeli halisi, usikubali makadirio ya wakala. Injini ya X-Trail ni cc 1,997, na hilo ni jema, kwa sababu ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi cc 2,000, ikizidi hapo ni 10. Lakini umri wa gari una nyongeza yake pia: likifikisha miaka minane kuna asilimia 15, likizidi kumi ni 30. Mwezi mmoja wa kuchelewa bandarini unaweza kulivusha gari mpaka huo. Baada ya hapo kuna bima, na kwa gari la thamani hiyo utataka bima kubwa, ambayo hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kuna matairi, kuna oili zote, kuna betri. Ningekuwa na milioni 42 na nataka kulala usingizi, ningetafuta gari linalofika mlangoni kwa 36 au 37.

Mwenzako wa ofisini anayesema sifuri kilomita hajakosea jambo. Gari jipya lina dhamana, lina kitabu cha huduma kisicho na uongo, na hujui raha ya kutokuwa na historia ya kuchunguza mpaka umeipata. Kwa fedha yenu, hata hivyo, jipya litakuwa dogo, la viti vitano, na mara nyingi la tairi mbili. Kama mngekuwa watu wanne wa Mikocheni, ningemsikiliza zaidi.

Kabla ya kulipa senti kwa gari lolote la Japani, omba karatasi ya mnada. Humo kuna daraja: 4.5 na 4 ni gari zuri, 3.5 lina makovu ya kawaida, R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Linganisha kilomita za karatasi na za picha ya dashibodi, linganisha namba ya chesisi, na uhakikishe akaunti unayoilipa ina jina la kampuni, si la mtu. Kwa Prado la yadi, mpeleke fundi wenu, si fundi wa yadi, alale chini aitazame chesisi. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani hupita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na chesisi huliwa na kutu huku juu rangi inang'aa. Liwasheni asubuhi injini ikiwa baridi. Kisha nendeni Gerezani pale Kariakoo mkaulize bei za spea tatu tu kwa kila gari: shokapu za mbele, pampu ya maji, na taa ya mbele. Bei hizo zitawaambia miaka mitano ijayo itakuwaje.

Kuhusu usalama, magari haya husifiwa kwa nyota. X-Trail lilipata nyota tano za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, mwaka 2014, na Forester mwaka 2012, lakini nyota hizo ni za mwaka wa kipimo na za gari lililouzwa Ulaya. La Japani linaweza kuwa na mifuko ya hewa michache zaidi. Hesabu mifuko ya hewa kwenye gari lenyewe, na angalia kama kila kiti, hata kile cha katikati, kina mkanda unaopita begani. Mna watoto watatu. Hilo mlipe uzito kuliko rangi na redio.

Kuna njia nyingine ambazo hamjazitaja. Mnaweza kununua gari la daraja la X-Trail lenye tairi nne, mkalivalisha matairi ya maana, na safari zile chache za masika mkakodi Prado lenye dereva anayeijua njia. Kasoro yake ni kwamba dharura haisubiri gari la kukodi, na nadhani mumeo atakuambia hivyo kabla hujamaliza sentensi. Mnaweza kununua la mkononi hapa nchini, ushuru ulishalipwa, ila mhakikishe kadi ni halali, mmiliki ndiye muuzaji, na hakuna faini za trafiki zilizolala. Mnaweza kusubiri mwaka mmoja, mkaongeza akiba, na Prado likahitaji mkopo wa 25 badala ya 40. Na masika mengine yatawakuta na kigari chenu.

Lipi ndilo? Sitakuchagulia, kwa sababu jibu limekaa kwenye safari ambayo hamjaiandika pamoja. Ninyi wawili mkikubaliana kwamba usiku ule wa Lushoto ndio kipimo, jedwali lako lote linageuka. Mkikubaliana kwamba kipimo ni kliniki na shule, linageuka upande wako, na mumeo atakuwa amekubali mwenyewe, hajazidiwa nguvu.

Ndiyo maana nakuomba uitazame Ijumaa kwa makini. Jina kwenye akaunti ni lako, lakini 15 kati ya hizo ni kiwanja cha mumeo, na alikupa uzitunze. Ukilipa kimyakimya, gari linaweza kufika, akaliendesha, akalizoea kama unavyosema. Na siku litakapozama kwenye tope kule kwao, hata kwa dakika kumi, halitakuwa tena suala la gari. Upande wa pili, ukiacha Ijumaa ipite, utakachopoteza ni profoma moja. Minada ya magari Japani hufanyika kila wiki, na X-Trail la 2017 si gari adimu. Muuzaji atakupa karatasi nyingine, pengine kwa bei iliyopanda kidogo au kushuka kidogo. Unaweza pia kumwandikia leo akuongezee siku saba, na papo hapo umuulize lile swali la tairi nne. Wengi hukubali.

Mwombe mumeo mwende yadi Jumamosi, na mama mkwe, na yule wa kidato cha pili. Kabla ya hapo, jioni moja watoto wakishalala, muulize kuhusu usiku ule wa baba yake. Usimtajie gari. Msikilize mpaka amalize, hata akichelewa kuanza.

Niandikie mkishatoka yadi, uniambie mama mkwe amesema nini.